Fundi, mashine imenoki: niifufue au niuze chuma chakavu?

Barua za mashine za boti zimejaa mezani mpaka basi, na sababu inajulikana, kusi imeanza kuvuma, vyombo vingi vimepandishwa ufukweni na huu ndo muda watu wanafungua mashine na kugombana na mafundi. Kwa hiyo toleo hili majenereta na pikipiki tuyaache pembeni. Barua ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu wengi mmeuliza kitu hichohicho kwa maneno tofauti.

Shikamoo fundi. Mimi ni mvuvi niko Kilindoni huku Mafia, nina boti la faiba na Yamaha Enduro ya 15 niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Sasa juzijuzi tunarudi kutoka upande wa Jibondo mashine ikaanza kupoteza nguvu, nikaongeza moto (akseli), ikatoa mlio wa kusaga ikazima, kamba haivutiki tena, tukarudi kwa tanga. Fundi wa hapa kafungua plagi mbili tu akachungulia akasema imenoki, yaani pistoni zimeshika ndani ya silinda, anataka 1,450,000 ya pistoni mbili, ringi, seti ya gasketi, kuchonga silinda Dar na hela yake ya ufundi. Shemeji ananiambia achana nayo uza chuma, kuna mtu ana 15 nyingine used imetoka nje anataka 3,200,000. Mpya siwezi, fungu la mashine tumekuwa tunalila nyumbani. Nifanyeje?

Marahaba, na poleni sana. Angalau tanga mlikuwa nalo maana siku hizi vijana wanatoka na mashine moja bila hata kasia.

Bei ya fundi wako siijadili kwanza. Kuna swali hajakujibu na nadhani hata hujamuuliza: mashine imekufa kwa nini? Pistoni hazinoki zenyewe, kuna kitu kiliziua, na hicho kitu kama bado kimo ndani basi utafunga pistoni mpya, itawaka vizuri, utaenda nayo bahari mara mbili tatu afu itanoki tena na 1,450,000 yako imekwenda. Mimi kwa mtu yeyote mwenye mashine ya zamani msimamo wangu ni huo, hela ya spea haitoki mfukoni kabla chanzo hakijaonekana kwa macho.

Na kinaonekana kabisa. Mlipe fundi hela ya kufungua tu, mkubaliane hivyo mapema kabla hajashika spana, afu ashushe silinda hedi na kutoa pistoni zote mbili ukiwa umekaa hapohapo, aziweke juu ya gunia mahali penye mwanga. Uzishike mwenyewe. Pistoni ikiwa imechubuka upande mmoja, ule wa kutokea moshi, na upande wa pili bado laini, mara nyingi mashine ilikuwa inakula njaa, yaani hewa nyingi petroli kidogo, joto likapanda. Ikiwa imechubuka kuzunguka pande zote, shuku maji hayakuwa yanapita au oili haikuwepo ya kutosha. Na ukikuta kichwa cha pistoni kina vidonda vidogovidogo vya kugongwagongwa na chuma, hapo beringi ya konrodi (ule mkono unaounganisha pistoni na krenki, mhimili unaozunguka) imevunjika na vile visindano vyake vimepanda juu vikasagwa, na hiyo ndo habari mbaya kuliko zote, nitaifikia.

Afu angalia ni silinda gani iliyokufa. Hiyo 15 yako ina silinda mbili, cc 246 jumla, lakini kabureta ni moja inalisha zote. Kabureta ikiziba zinakufa njaa zote mbili. Kwa hiyo ukikuta ya juu imeharibika peke yake na ya chini nzima, usimkubalie mtu anayekwambia haraka haraka ni kabureta hiyo. Muulize kuhusu sili ya krenki ya juu, ile iliyojificha chini ya flaiwili (gurudumu zito la juu), ikichakaa inavuta hewa na silinda ya juu ndo inayokosa mafuta. Muulize na impela ya pampu ya maji, maana maji yakipungua ya juu ndo mara nyingi huungua kwanza. Sasa rudi kwenye ile orodha ya fundi wako: kuna pistoni, ringi, gasketi, kuchonga. Hakuna sili, hakuna impela, hakuna themostati (kidhibiti joto). Vitu vya bei ndogo kuliko vyote ndo vimeachwa, na inawezekana kabisa kimojawapo ndo muuaji.

Hujaniambia kama mashine ilikuwa inakojoa. Kale kamrija ka maji kanakotoka nyuma kalikuwa na nguvu au kalikuwa kanadondoka tu? Wavuvi wengi kamkojo kakififia wanachokoa tundu kwa waya kakirudi kidogo wanaondoka, na impela haijabadilishwa tangu mashine inunuliwe. Impela ni mpira, ukikaa muda mrefu yale mabawa yanajikunja na kubaki yamekunjika, na mashine ikipita kwenye mchanga kina kifupi yanaliwa.

Na oili je? Tustroki, kama hii yako, haina oili ya kukaa chini kama gari, oili yote inayoipata ni ile uliyochanganya kwenye dumu, ukikosea dumu moja umeua mashine. Kwa kawaida ni 50 kwa 1, yaani ile chupa ya maji ya nusu lita ikijaa oili ni ya lita 25 za petroli, na dumu la lita 20 ni mililita 400. Iwe oili ya tustroki ya boti, iliyoandikwa TC-W3 kwenye kopo, maana hiyo imetengenezwa kwa ajili ya mashine zinazopozwa na maji. Oili ya injini ya gari ukiimwaga humo, na najua inamwagwa sana, inaacha masizi, ringi zinaganda kwenye mifereji yake, mwisho wake ndo huo. Mnunuzi wa mafuta kwenye boti lako ni nani? Kama ni kijana tofauti kila siku na kila mmoja ana kipimo chake cha kizibo, umeshapata pa kuanzia.

Jambo lingine, uliandika ilipopoteza nguvu uliongeza moto. Tustroki ikilegea yenyewe uko spidi mara nyingi ndo inaanza kubana, unatakiwa upunguze hapohapo, uzime, iache ipoe. Hii weka akilini kwa mashine yoyote utakayofunga baadaye.

Haya, tuseme chanzo kimeonekana. Bado kuna vitu viwili vinavyoamua kama mashine ya zamani inafufuliwa au haifufuliwi, na hakuna hata kimoja kati yao ambacho ni pistoni.

Cha kwanza ni chumvi. Bloku ni alumini na bolti ni chuma, maji ya bahari yakikaa katikati yake miaka mingi yanakula alumini na kuishikamanisha na bolti. Fundi akianza kufungua hedi na kava ya moshi pembeni, sikiliza. Bolti zikitoka kwa mlio wa kukwaruza lakini zikatoka, sawa. Zikianza kukatika moja baada ya nyingine, hata kwa moto na oili ya kulainishia, kila moja ni kazi ya kutoboa na kuchonga nyuzi upya na kila moja ni hela. Mimi zikikatika mbili za kwanza namwambia mwenye mashine tusimame tuongee. Ukishafungua tazama njia za maji kuzunguka silinda: chumvi nyeupe iliyoganda inaweza kukwanguliwa, na ile iliyo ndani inalainishwa kwa siki iliyozimuliwa na kusuuzwa vizuri, usiache siki ikalala humo maana nayo inakula alumini. Lakini ukuta wenyewe ukiwa umeliwa, umekuwa na mashimo, na pale gasketi inapokaa hapako sawa, bloku hiyo imeisha. Kuna watu wanaziba kwa gundi ya chuma. Inakaa mpaka mteja afike nyumbani.

Cha pili ni krenki. Kabla ya kukubali chochote, shika konrodi, ivute juu na kuisukuma chini, taratibu, katika mstari wake. Isiwe na mchezo hata kidogo. Kusogea kidogo kushoto na kulia ni kawaida, juu na chini hapana. Zungusha krenki kwa mkono usikie kama beringi zinakwaruza. Krenki ya hizi mashine imeunganishwa kwa kushindiliwa na presi, haifunguliwi kwa spana, kwa hiyo kubadilisha konrodi kunataka presi na mtu anayejua kuinyoosha mpaka izunguke bila kuyumba. Karakana za namna hiyo ni chache na wanaosema wanajua ni wengi. Krenki ikiwa mbovu, hesabu yako ya 1,450,000 imevunjika, usiendelee kwa ubishi.

Bloku nzima na krenki nzima? Hapo sasa ndo pistoni zinazungumzwa. Soma juu ya kichwa cha pistoni ya zamani, kama kuna namba imegongwa 025 au 050 ujue silinda ilishachongwa huko nyuma kabla hujainunua. Pistoni za ovasaizi zinazopatikana kwa urahisi ni za kuongeza milimita 0.25 na 0.50, kwa hiyo kama tayari uko kwenye 050 hakuna pa kwenda, inabaki kuvalisha silinda koti jipya, na hiyo ni bei nyingine. Na hili la kuchonga watu wanalifanya kinyume kila siku: nunua pistoni kwanza, peleka Dar pistoni pamoja na bloku, anayechonga azipime hizo pistoni zako kwa maikromita na achonge kuzifuata. Ukipeleka bloku peke yake ukaambiwa "tumeshatoa 025" afu ukaenda dukani kununua, unafunga kwa bahati.

Pesa sasa. Mimi hesabu yangu ni nusu. Jumla yote, na jumla ninayosema ni pamoja na sili, impela, themostati, plagi, usafiri wa bloku kwenda na kurudi, ikifika nusu ya bei ya mashine used iliyo nzima kweli, naanza kusita, ikipita hapo naacha. Kwako used ni 3,200,000, nusu yake ni 1,600,000, na fundi ameshafika 1,450,000 bila kuhesabu vile alivyovisahau. Uko ukingoni. Lakini neno lenye uzito hapo ni iliyo nzima kweli, maana "imetoka nje" haina maana yoyote, hata iliyonoki inaweza kutoka nje. Nenda na geji ya kompresheni, ya pikipiki inatosha, tundu la plagi ni milimita 14. Plagi zote mbili nje, swichi ya kuzimia iwe imezimwa, moto umefunguliwa mwisho, vuta kamba mpaka mshale usipande tena. Silinda mbili zisipishane zaidi ya asilimia 10. Namba kubwa peke yake isikufurahishe, kupishana ndo kunakoeleza. Fungua skrubu ya chini ya mguu (ile sehemu ya chini yenye gia) uone oili ya gia, ikitoka na rangi ya chai ya maziwa ujue sili za mguu zimekufa na maji yameingia. Rangi mpya inayong'aa mpaka juu ya vichwa vya bolti ni dalili kwamba mtu alikuwa na kitu cha kufunika. Na iwashwe kwenye maji, ikiwa ya baridi, mbele yako. Muuzaji akikwambia njoo ameshaipasha moto, mshukuru urudi nyumbani.

Wewe nikuambie nini. Kwa Enduro 15 mimi naegemea kufufua, masharti yakitimia: chanzo kimeonekana, bolti zimetoka, krenki haina mchezo, pistoni za sasa ni standadi au 025. Ni mashine ambayo bado inatengenezwa kwa masoko kama yetu, spea zake ziko mpaka vijijini na kila fundi wa pwani ameshawahi kuifungua, ukiharibikiwa Songo Songo utapata mtu. Ingekuwa mashine ya jina lingine ningekujibu tofauti, soma barua inayofuata. Sharti hata moja likianguka, uza kwa spea na siyo kwa chuma, mguu mzima peke yake, kabureta, koili, kava, kila kimoja kina mnunuzi, mwenye kununua chuma kwa kilo anakupa hela ya vocha.

Na kuhusu fungu la mashine, hilo la kulila nyumbani halinihusu sana ila niseme tu. Mkishatoa mafuta na chakula na kugawa mafungu, la mashine likiwekwa pembeni hata kwa msimu mmoja wa kaskazi ungekuwa unaniuliza mpya ya rangi gani.

Assalaam aleikum. Marehemu babu yetu alituatia Evinrude ya 25, ya zamani sana, imekaa stoo hapa Lamu miaka mingi imefunikwa na gunia. Mekanika mmoja asema yafufuka, mwengine asema ni pambo la sitting room. Mimi nataka niifunge kwa mashua ndogo niwe nachukulia wageni kwenda Manda na Shela. Waonaje?

Waaleikum salaam. Mekanika wako wote wawili wako sawa, inategemea unataka kuifanyia nini.

Evinrude ni jina kubwa, Ole Evinrude alianza kuuza mashine zake Marekani mwaka 1909 na ni miongoni mwa walioifanya hii mashine ya kuning'iniza nyuma ya chombo iwe biashara kabisa. Lakini kampuni iliyokuwa inazitengeneza pamoja na Johnson, OMC, ilifilisika Desemba 2000, ikanunuliwa na Bombardier wa Kanada, na walioirithi wakatangaza Mei 2020 kwamba hawatengenezi tena mashine za Evinrude. Hiyo haina maana spea zimekufa, maana zilitengenezwa nyingi mno na kuna viwanda vingine vinavyotoa pistoni, impela, koili na gasketi za hizo modeli za zamani. Ina maana kwamba hutaingia duka la Mombasa ukatoka nazo. Utaagiza, utasubiri, utalipa usafiri na ushuru, na ikifika siyo size yake unaanza upya.

Kwa hiyo kwa kazi ya wageni nakwambia hapana. Mgeni amelipa, ana ndege uwanja wa Manda saa fulani, mashine ikikwama katikati ya mlango wa bahari ukawa wasubiri impela kutoka Florida, biashara imekwisha kabla haijaanza. Tafuta mashine ambayo jirani yako anayo.

Kama ni ya kuweka kumbukumbu ya mzee na kuvua Ijumaa jioni, ifufue, na huenda gharama ikawa ndogo kuliko unavyodhani kwa sababu mashine iliyokaa stoo imekufa kwa kukaa, haikufa kwa kazi. Usivute kamba kwanza! Toa plagi, mimina oili ya tustroki kidogo kila tundu, iache siku kadhaa, afu zungusha flaiwili kwa mkono taratibu kufuata upande wake wa kawaida. Ikizunguka laini umeokoka na kubwa. Kinachobaki ni kabureta kufunguliwa na kuoshwa (petroli ya zamani inaacha gundi kwenye jeti, vile vitundu vidogo vya kabureta), hosi zote za mafuta mpya, impela mpya, oili ya gia mpya, na platini (zile za kukatia umeme wa cheche) kama ni ya zamani kiasi cha kuwa nazo, zinasafishwa tu kwa msasa laini. Isipozunguka hata baada ya wiki, basi yule wa pambo alikuwa na hoja, na kusema kweli ile kava ya zamani ukiipiga brashi inapendeza ukutani.

Habari fundi. Nipo Ukerewe, nina mtumbwi wa dagaa. Boti ya wenzetu ilitugonga usiku injini ikang'oka ikazama, ni ya HP 25, kesho yake vijana wakazamia wakaitoa, tukaiacha mchangani ikauke vizuri tukisubiri fundi atoke Mwanza. Amekuja baada ya wiki tatu anasema ovaholi nzima. Mbona ilikuwa nzima kabisa kabla ya kuzama? Au ananiibia?

Pole dada. Huenda hakuibii, bahati mbaya.

Kuzama hakukuiua injini yako, kilichoiua ni zile wiki tatu za kukauka mchangani. Chuma kikiwa ndani ya maji kabisa kinapata hewa kidogo, kutu inakwenda polepole. Ukikitoa kikiwa kimelowa kikakutana na hewa, kutu inakimbia, na ndani ya bloku kuna beringi na konrodi za chuma zilizokuwa na maji yametuama juu yake. Kwa wengine mnaosoma: injini ikizama, ikitolewa ifanyiwe kazi siku hiyohiyo. Plagi nje, ilaze matundu yaangalie chini, zungusha maji yote yatoke, kabureta ifunguliwe imwagwe, mimina mchanganyiko wa petroli na oili kwenye matundu, zungusha, rudia, afu iwashwe iende angalau nusu saa ipate joto ikaushe yenyewe. Ya baharini ioshwe kwanza kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Na kama hakuna fundi karibu, inaonekana kichekesho lakini irudishe kwenye pipa la maji baridi yasiyo na chumvi izame kabisa mpaka fundi afike.

Swali la muhimu kwako ni ilizama ikiwa inawaka au imezimwa? Usiku, mmegongwa, nadhani ilikuwa inawaka. Ikimeza maji ikiwa kwenye spidi konrodi inaweza kupinda, maana maji hayabanwi. Ndo maana namwelewa fundi kutaka kuifungua. Ila "ovaholi nzima" siyo lazima. Akifungua, mkae wote muangalie konrodi ziko wima, kuta za silinda zina kutu ya juujuu inayoondoka kwa kusuguliwa au imechimba, na beringi za krenki zinazunguka kimya. Silinda za kutu ya juu tu zinapigwa honi (zinasuguliwa ndani kwa jiwe laini), ringi mpya, zinaendelea na pistoni zilezile. Beringi zikiwa na kutu hapo hakuna njia ya mkato, beringi yenye kutu haiponi kwa kuosha na petroli hata kidogo, itavunjika tu siku ingine. Kwa injini ya 25 kama ni krenki nzima tumia ile hesabu ya nusu niliyompa mwenzako wa Mafia.

Muda unao, ndo hii mbalamwezi, dagaa hamtoki sana mpaka usiku wa giza. Fundi asishindwe kwenda taratibu kwa kisingizio cha giza kukaribia.

Na akiwa huko chini aangalie kile kipande kinachowekwa kiliwe na kutu badala ya mashine, kilichofungwa kwenye mguu na brakuti. Injini nyingi zinaletwa ziwani na za zinki, zinki ni ya maji ya chumvi, kwenye maji baridi inajifunika ngozi na kuacha kufanya kazi. Za alumini zinafaa kote, za magineziamu ni za maji baridi tu.

Fundi, nimemaliza ovaholi ya 40 yangu hapa Tanga, silinda zimechongwa pistoni mpya. Fundi kasema niipeleke mpaka Pemba kwa moto wote ili izoee kazi. Kweli?

Hapana. Ukienda hivyo utarudi na pistoni zilezile zimechubuka na fundi atasema spea zilikuwa feki.

Ringi mpya na silinda mpya vinasuguana mpaka vishikane sawasawa, na kusuguana kunaleta joto. Saa 10 za kwanza changanya oili mara mbili, 25 kwa 1, yaani mililita 800 kwenye dumu la lita 20, moshi utakuwa mwingi na plagi zitachafuka, beba za akiba. Saa ya kwanza usipite nusu ya moto na usikae kwenye spidi moja, panda shuka panda shuka. Baada ya hapo unaweza kuifungulia dakika chache ikapanda juu ya maji afu unapunguza. Uwe karibu na pwani, Pemba itakusubiri, haiendi popote. Kamkojo kaangalie kila mara, kakififia zima.

Saa 10 zikiisha rudi 50 kwa 1, piga geji silinda zote, na zile namba pamoja na tarehe ziandike kwa maka peni upande wa ndani wa kava, maana mwakani ikianza kulegea fundi yeyote atakayekuja kitu cha kwanza atakachotaka kujua ni ilikuwa inasoma ngapi.